Treni za New York: nani anaamua laini ipi ibaki na mabehewa makuukuu?

#1 BehewaLaMwisho
Wakuu, salaam. Naomba wajuzi wa reli wanitoe tongotongo.

Pale Manhattan laini ya C na laini ya E zinatumia reli moja kwa vituo kadhaa chini ya Eighth Avenue. Ukisimama 34th Street unaziona zinafuatana. Miaka ile ya 2010 na kitu, E ilikuwa inaingia na R160, treni mpya inayotangaza vituo yenyewe, taa kali, ubao wa vituo unawaka. Baada yake inaingia C na R32, behewa la 1964, ubavu una mikunjo kama bati la paa, na kondakta anatangaza kituo kwa mdomo wake huku nusu ya maneno anayameza.

Hoja yangu ni hii: E inatoka Queens inaishia World Trade Center, kwenye maofisi. C inaishia Euclid Avenue kule East New York, Brooklyn. Mwenye nacho kaongezewa. Anayebisha aje na ushahidi.

#2 NusuTiketi
R32 si ina maana ya mwaka 1932? Mbona unasema 1964? Na R46 ilitoka mara tu baada ya vita?

#3 Mzee wa Spana
@NusuTiketi hapana, mdogo wangu. Namba inayofuata R ni ya mkataba wa ununuzi, haina uhusiano na mwaka. R32 ni mabehewa 600 ya kampuni ya Budd ya Philadelphia, yalianza kazi Septemba 1964. R46 ni 754, ya Pullman Standard, 1975 hadi 1978.

@BehewaLaMwisho ulichoona ni kweli, ila umehukumu kabla ya kukagua. Behewa hulelewa na karakana, na laini inapata kile ambacho karakana yake inacho. E inahudumiwa na karakana ya Jamaica, Queens. C inachota kwenye bwawa moja na A, yaani 207th Street na Pitkin. Ukimpelekea fundi wa Pitkin treni moja ya R160 kati ya treni za zamani thelathini, umempa mtihani: vipuri vyake hana, kompyuta ya kuisoma hana, mafunzo hana. Ndiyo maana kila karakana inapenda aina chache.

Halafu E unayoionea wivu ilikuwa na R32 hizohizo mpaka R160 zilipokuja. Hao wa maofisini walizipanda miaka na miaka.

#4 BehewaLaMwisho
Hilo la E kuwa na R32 sikulijua, nakushukuru mzee. Lakini umenisogeza hatua moja tu. Kwani nani aliamua karakana ya Jamaica ipate mpya kwanza?

#5 KonaKali
Kona, wakuu. Hakuna anayetaja kona.

New York ina mitandao miwili ndani ya mmoja. Laini za namba, 1 mpaka 7, zilichimbwa kwa mabehewa membamba, karibu futi 9 kwa upana na futi 51 kwa urefu. Laini za herufi zina behewa la futi 10 upana, na urefu wa futi 60 au 75. Treni ya herufi ukiiingiza kwenye handaki la namba itakwangua ukuta. Ya namba ukiiweka kwenye laini ya herufi, abiria anabaki na pengo la kutumbukiza mguu.

Na hata ndani ya herufi, J, Z, L na M zina kona kali kiasi kwamba behewa la futi 75 haliruhusiwi kabisa. Kwa hiyo R46 na R68, zote za futi 75, hazijawahi kuwa chaguo kule. Umeshafuta nusu ya orodha kabla bosi hajakaa kitini.

#6 NusuTiketi
Kwa hiyo bosi ni kona 😂

#7 Dada Ratiba
Nimefanya kazi ya kupanga ratiba za treni, si New York, mji mwingine. Niwape hesabu kidogo, kwa sababu watu hudhani tunaanza na treni kisha tunaigawa. Tunaanza na dakika.

Chukua laini ya kubuni. Safari ya upande mmoja ni dakika 90. Unataka treni kila dakika 6. Unahitaji treni ngapi?

#8 NusuTiketi
90 gawanya kwa 6, treni 15. Rahisi.

#9 Dada Ratiba
Umekosa, na wanasiasa wengi hukosa hapohapo. Treni lazima irudi, kwa hiyo ni 180. Kila mwisho dereva anabadilisha upande, anapumua, anafidia uchelewaji, weka dakika 10 na 10. Ni 200. Gawanya kwa 6 unapata 33 na ushee, yaani treni 34. Kila treni mabehewa 10, ni mabehewa 340. Ongeza ya akiba kwa matengenezo, tuseme asilimia 15, mengine 51. Jumla 391.

Sasa bosi anakuja na mabehewa 300 mapya, anataka picha gazetini. Hayatoshi laini yako nzima. Yanatosha laini fupi, au laini yenye treni chache. Mara nyingi laini inapata treni mpya kwa sababu idadi iliyofika bandarini inalingana na hitaji lake. Hakuna siri zaidi ya hapo.

#10 KonaKali
@Dada Ratiba umeupiga mwingi. Ongeza hili: kwa behewa la futi 75 treni ni mabehewa 8, kwa la futi 60 ni mabehewa 10, na zote mbili zinafika futi 600, urefu uleule. Kwenye hesabu yako 340 yangeshuka yakawa 272.

#11 Dada Ratiba
Ndiyo, na hapo ndipo walipouziwa mbuzi kwenye gunia miaka ya 1970. Mabehewa machache, mota chache, gharama chache kwenye karatasi. Ila hesabu milango. Kila behewa lina milango minne upande mmoja, liwe la 60 au la 75. Mabehewa 10 ni milango 40. Mabehewa 8 ni milango 32. Umepoteza milango minane kwenye treni ya urefu uleule, na saa mbili asubuhi mlango ndio kila kitu. Kituo kilichokuwa cha sekunde 30 kinakuwa cha 40. Zidisha kwa vituo ishirini uone ratiba yangu inavyolia.

Hiyo kwangu ndiyo sababu ya E kupewa mabehewa ya futi 60, kwanza ya zamani kisha mapya. E inajaa mpaka watu wananusana.

#12 Mpenda Madirisha
Mimi nakuja na hisia tu, mnisamehe. R32 ilikuwa na dirisha mbele kabisa, kwenye mlango wa pua ya treni. Mwanangu akiwa na miaka minne tulikuwa tunakwenda kusimama pale, anabandika paji la uso kwenye kioo, anaona taa za kijani na nyekundu zinamjia gizani, reli zinagawanyika. Kwenye treni mpya dereva kachukua upana wote wa mbele. Kwa hiyo nyie mnaoziita makuukuu, kuna watoto walizililia Januari 2022 ziliposafiri mara ya mwisho.

#13 BehewaLaMwisho
@Mpenda Madirisha usinilainishe moyo, niko vitani hapa.

#14 Mtoto wa Taa
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni CBTC. Huo ni mfumo ambao treni na mitambo ya njiani zinawasiliana kwa redio badala ya kutegemea taa za kizamani. Laini ikishafungwa mfumo huo, treni isiyo na kifaa haiwezi kutoa huduma ya kawaida pale. L ilifungwa kwanza, ikabaki na R143 na R160. Ikafuata laini ya 7, yenye R188. Kisha Queens Boulevard, ndiko E na F zinapita, R160 tena. C haikuwa na CBTC, kwa hiyo ikabaki na masalia.

#15 Mzee wa Spana
@Mtoto wa Taa angalia tarehe zako. R160 zilikuja kati ya 2005 na 2010. E ilikuwa nazo kabla CBTC ya Queens Boulevard haijawashwa, kwa miaka kumi na zaidi. Sababu haiwezi kuzaliwa baada ya mtoto wake.

#16 Mtoto wa Taa
Mzee, zilinunuliwa zikiwa zimeandaliwa kuwekewa kifaa. Mipango ilikuwepo mezani. Huwezi kununua behewa la miaka 40 ukaangalia kesho tu.

#17 Mzee wa Spana
Mipango iliyopo mezani ni mingi, mdogo wangu. Nimeona meza zimevunjika kwa uzito wa mipango.

#18 Dada Ratiba
Wote mna haki kidogo. L ni mfano mzuri wa mpango kukosea. Waliagiza R143, mabehewa 212, wakaona yanatosha. Mtaa wa Williamsburg kule Brooklyn, ambako L inapita, ukafurika watu, treni zikawa hazitoshi, na huwezi kuazima treni laini jirani kwa sababu haina kifaa. Ikabidi R160 kadhaa zifungwe vifaa vya kwenda L. Treni mpya zilikuwa zimejaa mjini, ila hazikuweza kuingia pale.

#19 Bronx Bado Tupo
Nilikuwa nasoma tu, mmenitoa. Mnajua yaliyotupata wa laini ya 6? Tulikuwa na R142A, treni nzuri, zinatangaza vituo. Laini ya 7 ilipofungwa CBTC, mabehewa 380 ya R142A yakachukuliwa yakageuzwa R188 na kupelekwa Queens. Sisi tukapokea R62A kutoka kwao, za katikati ya miaka ya 1980. Sasa niambieni hiyo si mitumba.

@BehewaLaMwisho naunga mkono hoja.

#20 KonaKali
Lakini ndugu, hapo sababu ni CBTC wazi kabisa. Laini ya 7 ingetumia nini?

#21 Bronx Bado Tupo
Ingenunuliwa mipya yote. Waliweza kununua mabehewa mapya machache ya R188, wakashindwa mengine? Ukisema "ilibidi", jiulize nani alipanga bajeti mpaka ikabidi. Kona haina kura, CBTC haina kura, ila bajeti inapigiwa kura.

#22 Mpita Njia
Hapo kwenye #21 kuna kitu. Marekani, Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kinazuia ubaguzi kwa yeyote anayepokea fedha za serikali kuu. Mashirika makubwa ya usafiri yanatakiwa yawe na sera iliyoandikwa ya namna ya kugawa magari, na yafuatilie kama maeneo ya jamii za wachache kwa rangi au asili yanapewa magari mabovu kuliko wengine. Kwa hiyo swali la mleta mada lina nafasi yake kisheria, si umbea.

Ila tahadhari: ukipima umri wa behewa kwa laini, unakuta laini moja inapita kwa matajiri na kwa maskini. C hiyohiyo inaanzia Washington Heights, inapita kando ya Central Park upande wa magharibi, ambako nyumba hazishikiki kwa bei, ndipo inakwenda Brooklyn. Wale wa Central Park nao walipanda R32.

#23 BehewaLaMwisho
@Mpita Njia umenipa na umeninyang'anya kwenye posti moja.

#24 Joto Kali
Jamani mbona hakuna aliyesema viyoyozi? R32 hazikuzaliwa na viyoyozi, vilipachikwa baadaye zilipokarabatiwa. Miaka ya 2010, kiangazi kikifika, baadhi ya R32 zilitolewa C zikapelekwa J, na R160 za J zikaja C. J sehemu kubwa inapita juu, hewani, kwenye madaraja ya chuma. C inakaa handakini safari nzima, joto linajikusanya, kiyoyozi kizee kinajifia. Kwa hiyo wakati mwingine msimu wa mwaka ndio uliopanga treni.

#25 NusuTiketi
Wazee wanapelekwa kupunga upepo. Nimependa.

#26 Mzee wa Spana
@Joto Kali hilo ni sahihi, na linanikumbusha karakana yangu ya zamani, mji siutaji. Tulikuwa na behewa moja linarudi kila Jumatatu, breki hazitaki kuachia. Tunalikagua, zima. Linakwenda kazini, Jumatatu linarudi. Miezi miwili. Mwishowe kijana mmoja akalala nalo usiku wa Jumapili, sikio kwenye bomba. Kumbe ni mpira mdogo ndani ya vali, upana wa shilingi, umekakamaa. Behewa likitembea mpira unapata joto unalainika, likilala Jumamosi na Jumapili kwenye baridi unajikunja na kuvujisha hewa. Mpira wa namna hiyo hautengenezwi tena. Tukachinja behewa lililokuwa limeegeshwa, tukachukua wa kwake.

Sasa mtu wa ofisini anaona "behewa lina miaka 45" na anadhani umri ni namba. Umri ni ule mpira. Behewa kuukuu ukiliweka mbali na yule kijana anayelijua, umeliua. Ndiyo maana nasisitiza karakana.

Jambo jingine. R32 zilifungwa mbilimbili. Moja ikiugua unatoa mawili. R160 zimefungwa nne au tano pamoja. Kiti kikiungua kwenye moja, tano zinalala. Mpya haiharibiki mara nyingi, ila ikiharibika inaondoka na ukoo.

#27 KonaKali
Kweli, namba ya umri peke yake haitoshi. R44 ni za 1971 hadi 1973, changa kuliko R32. Mpango ulikuwa R32 zife, R44 zibaki. Ikagundulika R44 zina matatizo kwenye kiunzi, 2010 zikaondolewa New York nzima, na R32 za 1964 zikaongezewa maisha ya miaka zaidi ya kumi. Mjukuu kazikwa, babu kaendelea kulima. Hapo ndipo C ilipobaki na R32 zake, @BehewaLaMwisho. Hakuna aliyekaa akasema "wape wa East New York". Kuna aliyesema "tumebaki na nini?"

#28 Bronx Bado Tupo
Na waliobaki na "tumebaki na nini" wakawa nani? 🙂

#29 Mtoto wa Taa
@KonaKali "New York nzima" si kweli. Staten Island waliendelea na R44 mpaka treni mpya za R211S zilipoanza kazi, Oktoba 2024. Kama kiunzi kibovu, mbona kule zilitembea miaka 14 zaidi?

#30 KonaKali
Nakubali kosa. Nilimaanisha mtandao wa handaki. Staten Island ni reli ya peke yake, haijaunganishwa. Nadhani kule mzigo ni mwepesi, laini moja fupi.

#31 Mzee wa Spana
Mimi nadhani ni kwa sababu hawakuwa na cha kuwapa. Laini moja, mabehewa machache, nani atafungua kiwanda kwa ajili yake?

#32 Bronx Bado Tupo
Mimi nadhani mnajua nadhani nini.

#33 Mpenda Madirisha
Nje ya mada kidogo. Kule Isle of Wight, Uingereza, kuna handaki la Ryde ambalo dari yake ni fupi, treni ya kawaida haipiti. Wakawa wanatumia treni za chini ya ardhi za London zilizostaafu. Za 1938 zilikwenda kisiwani 1989, zikafanya kazi mpaka Januari 2021. Treni ya 1938! Na waliozirithi ni nani? Treni nyingine zilizostaafu London, zikafanyiwa ukarabati.

#34 Dada Ratiba
Buenos Aires wamewashinda. Laini A ilifunguliwa Desemba 1913 na mabehewa ya mbao ya kutoka Ubelgiji, yakaondolewa Januari 2013. Wazee wa pale waliyalilia hadharani.

Paris wanafanya kwa utaratibu zaidi. Laini ya 1 ilipogeuzwa ya bila dereva, treni zake zikahamia laini ya 4. Laini ya 4 ilipogeuzwa nayo, treni zilezile zikahamia laini ya 6. Mkubwa anavua, mdogo anavaa. Hakuna anayelalamika kwa sababu kila mtu alijua zamu yake mapema. Nadhani tatizo la New York si mitumba, ni kutoambiwa.

#35 Mpita Njia
@Dada Ratiba "hakuna anayelalamika", Paris? Hapo umetupiga kamba 😂

#36 Dada Ratiba
Nimejirekebisha. Wanalalamika kidogo kuliko kawaida yao.

#37 Joto Kali
Na laini ya G je? Miaka nenda miaka rudi treni yake ilikuwa futi 300 kwenye jukwaa la futi 600. Mgeni anasimama mwisho wa jukwaa, treni inasimama katikati, anatimka mbio na begi. Wenyeji wanamwangalia tu.

#38 NusuTiketi
Mimi ni yule mgeni.

#39 Mtoto wa Taa
Turudi kwenye mada. Machi 2023 R211 zilianza kazi, na zilianzia laini ya A, siyo E. Milango inchi 58 badala ya 50. Februari 2024 zile zinazopitika ndani bila mlango kati ya mabehewa zikaanzia C. C yako hiyohiyo, @BehewaLaMwisho! Sasa nadharia yako ya mwenye nacho inasimamaje?

Na mimi nasema sababu ni ileile: Eighth Avenue inafungwa CBTC. Inayofungwa ndiyo inayopewa.

#40 Mzee wa Spana
Na mimi nasema sababu ni ileile: R46 zilizokuwa zinakufa zinalala karakana hizohizo za A na C. Mpya huingia pale mzee anapotoka.

#41 Bronx Bado Tupo
Na mimi nasema baada ya miaka mingi ya laini kushika mkia kwenye tathmini za Straphangers Campaign, kundi la kutetea abiria, makelele yalisikika. Wenye shoka wanasema mti umeanguka wenyewe.

#42 BehewaLaMwisho
Wakuu, leo jioni nilikaa 34th Street nikiwa na daftari. Saa nzima. C zilikuwa mbili za R179, nazo ni za kizazi kipya, na moja ya R46, hiyo ya kupitika ndani sijaiona hata mkia. E nilihesabu kumi, zote R160, moja kiyoyozi kimezimwa na kibandiko mlangoni.

Kesho nahamia upande wa pili wa jukwaa, inawezekana zinapita kule.

#43 NusuTiketi
Upande wa pili zinakwenda uelekeo mwingine mkuu, ila treni ni zilezile. Zinarudi. Dada Ratiba alishatuambia kwenye #9.